Mwenye Tumaini Hakai Bure

Leo nataka tuzungumze juu ya mambo matatu ambayo Mtume Paulo aliyafunga pamoja katika waraka wake kwa Warumi, sura ya 12: tumaini, saburi wakati wa dhiki, na kudumu katika sala. Tumeyasikia mara nyingi mno, kwenye ibada za Jumapili na za Sabato, kwenye jumuiya, na zaidi sana kwenye mazishi. Kwa kuyazoea hivyo, tumeanza kuyatenganisha. Wapo walioshika tumaini peke yake, wakataka kila kitu kitimie wiki hii. Wapo waliobaki na saburi tupu, wamekaa tu, hawategemei chochote tena. Na sala, kwa wengine wetu, imekuwa pahala pa kukimbilia ili tusifanye yale tunayoweza kuyafanya. Hoja yangu ni kwamba matatu haya yakitengana yanaharibika, na baadhi yake yanakuwa hatari kabisa. Yakikaa pamoja humfanya mtu abaki kwenye kazi yake hadi imalizike, au hadi amkabidhi mwingine aiendeleze. Ushahidi wa hoja hiyo sina haja ya kuutafuta Yerusalemu wala Roma. Milima hii ya Upare, hapa kwetu Same, inao wa kutosha.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana imani ya watu huishi mahali fulani, kwenye jua fulani na mvua fulani. Anayepita kwa basi kwenye barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huiona Same kama nchi ya vumbi, mkonge na miiba. Mji huu hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na mara nyingi mvua yenyewe humwagika kwa siku chache kisha ikakatika. Lakini inua macho uangalie mlimani. Kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400, kimejifunika msitu na ukungu, na vijito vinatoka huko mwaka mzima. Milima huzuia mawingu yanayotoka baharini, upande mmoja unalowa na upande wa pili unabaki na upepo mkavu. Kwa hiyo mkulima wa chini hukaa akiitazama mvua ikinyesha juu, ilhali mahindi yake yananyauka. Sijui kama kuna somo gumu zaidi la tumaini kuliko hilo, kuiona baraka kwa macho na usiifikie. Wazee wa nchi hii hawakulijibu kwa malalamiko wala kwa kuhama wote. Walilijibu kwa ndiva.

Kwa msikilizaji wa mbali asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa kwenye mteremko, kingo zake zikiwa za udongo na mawe. Kijito cha kiangazi hutiririka kwa unyonge. Ukiyaacha maji yake yaende moja kwa moja mferejini, ardhi iliyokauka huyanywa yote kabla hayajafika mashamba ya mbali. Ndiyo maana jioni mdomo wa ndiva huzibwa, maji ya usiku kucha yakakusanyika kidogo kidogo, na asubuhi mwenye zamu akazibua. Hapo maji hutoka kwa nguvu, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu la rangi ya udongo, na mwenye shamba anayangoja akiwa ameshika jembe. Hukata ukingo huku, huziba kule, miguu imezama kwenye tope, mpaka zamu yake iishe na ya jirani ianze. Ndiva isiyotunzwa hujaa tope ikafa. Kwa sababu hiyo huitishwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu, na kila mtu anakuja na jembe au koleo lake. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na zamu yake ya maji ikawa mashakani.

Sasa lazima niseme ukweli mmoja kabla msikilizaji hajanikatiza. Ndiva zilikuwepo kabla ya mmisionari wa kwanza kukanyaga Upare. Nyingi zilichimbwa na koo, na koo hizo zilikuwa na namna zao za kuomba. Leo hii kwenye msaragambo mmoja wanachimba Mlutheri, Msabato, Mkatoliki na Mwislamu, na maji hayamuulizi mtu dini yake. Basi Mkristo hawezi kusema kwamba ustahimilivu ni mali yake. Anachoweza kusema ni kwamba imani yake ilipofika hapa iliwakuta watu wanaojua tayari kwamba kungoja ni kazi, na ilipaswa kujifunza kutoka kwao kadiri ilivyowafundisha. Yakobo katika waraka wake anamtaja mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho, na anampa Mkristo mkulima huyo awe kielelezo. Wahubiri wengi husimama kwenye neno la kungoja wakaishia hapo. Lakini hakuna mkulima wa Same anayengoja vuli akiwa kitandani. Anangoja ameshatayarisha shamba, mbegu ameshaitenga, mfereji ameshausafisha. Kama hajafanya hayo, hangoji mvua. Anaiangalia tu.

Hebu tuangalie kanisa lenyewe lilivyoanza katika milima hii. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900, na baadaye wakafika Gonja na Mbaga. Novemba 1903 Waadventista Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walifungua kituo Giti, Upare Kusini, na hapo ndipo kanisa lao lilipoanzia katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Haikuwa kazi ya kuvuna haraka. Ilipita miaka kabla watu wachache wa kwanza hawajabatizwa. Mmisionari Ernst Kotz alikaa kwenye lugha ya Chasu akaandika sarufi yake, iliyochapishwa Berlin mwaka 1909, na pamoja na wenyeji waliomfundisha lugha hiyo akaendelea na tafsiri ya Agano Jipya. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaja. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka yakifuata reli na Mto Pangani, yakaichukua Same, na katika miaka iliyofuata wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Agano Jipya la Chasu lilitoka 1922, wakati Wajerumani hao hawapo tena.

Kipindi hicho katikati, yaani tangu Wajerumani waondolewe mpaka wamisionari wengine waje, ndicho ninachotaka tukitazame. Makanisa na shule nyingi zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, vijana waliokuwa wamesoma miaka michache tu. Hapakuwa na mshahara wa uhakika, nchi ilikuwa imetoka vitani, chakula kilikuwa haba. Hakuna aliyewaahidi kwamba misheni itarudi. Kama tumaini lao lingekuwa kwa mzungu na sanduku lake la dawa, kazi ingekufa ndani ya mwaka mmoja. Waliendelea kukusanya watoto, kusoma, kuzika wafu na kuomba. Historia nyingi zilizoandikwa zinatoa majina ya waliokuja kwa meli, na hawa waliobaki hutajwa kwa sentensi moja. Mimi naona ilipaswa kuwa kinyume. Kanisa la Upare lilijulikana kuwa limeota mizizi pale lilipoachwa peke yake. Leo mji wa Same una makao ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), iliyoanza 1975, na ya Jimbo Katoliki la Same, lililofanywa jimbo kamili mwaka 1977, na makanisa ya Waadventista yametapakaa mlimani na tambarare. Waliofundisha chini ya miti mwaka 1917 hawakuyaona hayo.

Lakini kuna hoja nzito dhidi ya haya yote, na ni ya zamani. Inasemwa kwamba dini iliwafundisha Waafrika kuvumilia wasichopaswa kuvumilia, kwamba ahadi ya mbinguni iliwafumba macho wasione wanayofanyiwa duniani. Sitaikana moja kwa moja, kwa sababu yapo mahali na nyakati ambapo ilikuwa hivyo, na wapo wahubiri waliomsaidia mkoloni kwa mahubiri yao. Ila tukiichukua hoja hiyo tukaileta hapa Same, inakutana na jambo ambalo haiwezi kulieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi ya nyongeza, iliyopimwa kwa makisio ya mali ya kila mtu, wakaiita mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watawala wa jadi. Watu hawakuikubali. Waliona makisio hayana haki, kwamba anayekisia ni mtu wa mtawala, na kwamba hawakuulizwa. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka kila upande wa milima, wakaja Same penye makao ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma nyumba. Walikaa siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, wengine wakirudi mlimani na wengine wakiteremka kuchukua nafasi zao, huku malalamiko yao yakiandikwa na kupelekwa ngazi za juu za serikali.

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwana wa Upare, aliyaandika haya katika kitabu chake Mbiru, kilichotoka 1971, na ningependa kila shule ya sekondari ya wilaya hii iwe nacho. Wanaume walipokuwa wamekaa Same, mashamba yalibaki mikononi mwa wake zao, na wanawake nao hawakunyamaza. Wa Usangi walimkabili ofisa wa serikali uso kwa uso, wakatembea kwa miguu hadi Same kudai waume zao warudi na kodi iondoke. Mwisho kodi ile ilifutwa. Sisemi kwamba mbiru ilikuwa harakati ya kanisa. Walikuwemo Wakristo, Waislamu, na wazee walioshika mila zao. Ninachosema ni kwamba wilaya hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka arobaini ya misheni, ya Biblia na ya shule, na bado imani haikuwalaza usingizi. Mtu anayekesha akiomba na asubuhi akaenda kuketi mbele ya boma kwa ajili ya haki hafanyi mambo mawili yanayopingana. Yule mjane wa Luka sura ya 18, ambaye Bwana Yesu mwenyewe alimtoa awe mfano wa kuomba bila kukata tamaa, alikuwa anafanya nini? Alikuwa anarudi kwa hakimu dhalimu, tena na tena, akidai haki yake. Kwa Yesu, hiyo ndiyo sura ya sala. Ina miguu, na inamsumbua mkubwa.

Nilisema kwamba mambo haya matatu yakitengana yanakuwa hatari. Tarehe 1 Februari 2020, jirani zetu wa Moshi walishuhudia jambo la kuhuzunisha sana. Watu 20, wakiwemo watoto, walikufa katika mkutano wa maombi uwanja wa Majengo, walipokanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Naomba tusiwalaumu marehemu. Walikuwa na mizigo ya kweli, magonjwa, madeni, watoto wasio na ada, na walikwenda kwa sababu walikuwa na tumaini. Wa kulaumiwa ni mafundisho yanayomwambia maskini kwamba Mungu yuko mbali na anapita kwa haraka, kwamba usipomuwahi leo umemkosa, na kwamba jirani yako aliye mbele ndiye kizuizi cha muujiza wako. Tumaini likinyang'anywa saburi hugeuka haraka, na penye haraka mnyonge hukanyagwa. Linganisha na zamu ya ndiva. Pale maji hayamwishii jirani kwa sababu yamefika kwako, wala huhitaji kumsukuma ili uyapate, maana zamu yako inajulikana na kila mtu ameapa kuiheshimu.

Upande wa pili ni mbaya vilevile, ingawa hauingii kwenye magazeti. Ni saburi iliyonyang'anywa tumaini, na wanaoibeba zaidi ni wanawake. Mke anapigwa, anakwenda kwa wazee wa kanisa, na jibu analopewa ni kwamba avumilie, aombe, Mungu atamgusa mume. Anarudi, anapigwa tena. Ndugu zangu wazee wa kanisa, makatekista na wachungaji, hilo silo fundisho la Paulo. Paulo alipoandika juu ya saburi alikuwa anasema na watu kuhusu mateso yao, na yeye mwenyewe alikuwa ameshapigwa na kufungwa. Hakuwa mtu aliyekaa salama akimgawia mwenzake maumivu. Na alipokuwa karibu kupigwa mijeledi bila kuhukumiwa, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia, alidai haki yake ya uraia wa Roma papo hapo. Saburi ni mzigo ambao mtu hujitwisha mwenyewe kwa ajili ya jambo jema. Hakuna mwenye haki ya kumtwisha mwingine, halafu akauita mapenzi ya Mungu. Anayetaka kumwombea mwanamke huyo kweli na amsindikize hadi dawati la jinsia pale polisi, akae naye kwenye benchi, na wakiwa hapo wamwombe Mungu pamoja. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu neno zuri kama saburi limetumiwa kuficha dhambi kwa muda mrefu mno.

Inabaki hoja kubwa kuliko zote, na hiyo haijibiki kwa wepesi. Novemba 2009, mvua ya vuli ilipozidi, mlima ulimeguka kijijini Goha, kule Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu. Walikufa zaidi ya ishirini. Juni 28, 2025, hapa Same, eneo la Sabasaba, basi na gari dogo la abiria viligongana na kuwaka moto, watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha, na wengi waliungua kiasi cha kutotambulika kwa sura. Walikuwemo waombaji kati yao? Bila shaka walikuwemo. Je, sala zao zilipotelea wapi? Methali yetu husema mvumilivu hula mbivu, na ni methali nzuri kwa mambo mengi, lakini mbele ya kaburi la pamoja haina la kusema. Wapo wavumilivu wasiokula mbivu. Mkristo anayekana hilo hajasoma Biblia yake vizuri, kwa kuwa Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, baada ya kuhesabu waliookolewa, unawataja wengine waliokatwa kwa upanga na kufa bila kupokea waliyoahidiwa, na unawaita nao watu wa imani.

Hapo ndipo tumaini la Kikristo linapoachana na matarajio ya kawaida. Matarajio husema mambo yatakwenda vizuri. Tumaini letu halisemi hivyo. Linasema kwamba Mungu aliyemfufua Yesu kutoka kaburini hatawaacha waliofukiwa Goha wala walioungua Sabasaba, na kwamba neno la mwisho juu yao bado halijatamkwa. Hilo siwezi kulithibitisha kwa vipimo, na anayelikataa nitamheshimu. Lakini naweza kuonyesha linafanya nini kwa anayeliamini. Linamruhusu kulia bila kujifanya. Zaburi nyingi ni kilio na lawama kwa Mungu, na zimo ndani ya kitabu cha sala. Pia linamruhusu kuuliza maswali ya duniani bila kuona anakufuru. Taarifa rasmi za ajali ile ya Sabasaba zilitaja kupasuka kwa tairi. Basi kuomba safari njema na kukagua tairi ni tendo moja la mtu yuleyule, na kumwombea jirani anayekaa kwenye mteremko ni pamoja na kupanda miti na kukataa nyumba isijengwe pale maji yanapopita. Anayeacha la pili kwa sababu amefanya la kwanza anamjaribu Mungu. Msiba unapotokea, akina mama hufika na kuni na unga kabla hawajaulizwa, vijana huchimba kaburi, na jioni watu huimba na kuomba uani. Sijawahi kusikia mfiwa akisema sala ile haikuwa na faida kwa kuwa marehemu hakuamka.

Vijana nao wana neno, na wanastahili kujibiwa. Wanasema wazee wetu walivumilia wakabaki maskini, ardhi ya mlimani imegawanywa hadi imekuwa vipande vya bustani, tangawizi bei yake inapanda na kushuka bila kumuuliza mkulima, na afadhali mtu apande basi aende Dar es Salaam. Kuondoka si dhambi. Yeremia aliwaandikia waliopelekwa mbali kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee amani mji waliomo. Kwa hiyo kijana wa Kipare aliyeko Kariakoo anaweza kuishi kwa tumaini kule kule. Ila wasiseme kwamba uvumilivu wa wazee haukuzaa kitu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua awamu ya kwanza ya mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Ujenzi wake ulichukua zaidi ya muongo mmoja, ukasimama, ukaanza tena, na kabla ya hapo ulikuwa wimbo wa kila kampeni. Wako akina mama waliobeba ndoo maisha yao yote, wakaomba maji kanisani na wakayadai kwenye mikutano ya hadhara, na wakafa kabla bomba halijafungwa. Madai yao ndiyo yaliyoendelea kusemwa na waliobaki. Ningependa kijana anayefungua koki leo ajue hivyo.

Namalizia kwa ombi. Vuli yetu huanza mwezi wa kumi, na wengi mnaonisikiliza mnajua hali ya ndiva ya kijiji chenu. Kama imejaa tope, mwendeeni mwenyekiti wiki hii, mwambieni aitishe msaragambo kabla mvua haijafika. Ninyi wachungaji na makatekista, tangazeni siku hiyo kanisani pamoja na matangazo ya ndoa na ya mnada wa mavuno, mwaliko uwafikie na jirani zetu wa msikitini. Fikeni mapema na majembe yenu, ombeni kwa ufupi, kisha shukeni ndani ya tope pamoja na watu wenu mpaka kazi iishe. Na kama katika usharika au jumuiya yenu kuna mwanamke aliyeambiwa avumilie kipigo, msingoje hata siku hiyo ya msaragambo. Nendeni kwake leo.